Shanga Hamsini za Révérien

Gari lilikuwa jeupe, refu, jipya, na ubavuni limeandikwa kwa herufi za bluu: SSEMAKULA FLYTT. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya stesheni ya Jakobsberg, kitongoji cha Stockholm, na mwenyewe alikuwa akilifuta kioo kwa mkono wa koti lake huku akila mkate wa kebabu. Révérien alisimama hatua kumi kutoka pale. Hakulitazama gari. Alimtazama mtu anayelifuta gari ambalo ni safi tayari, akajisemea moyoni kwamba huyu ni wa kwake.

Msinielewe vibaya. Révérien hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango, na yeye katika miaka ishirini na sita ya Uswidi hakuwahi kuvunja hata kikombe. Watu walimpa vitu vyao wenyewe, kwa mikono yao, na wengine walimshukuru. Alikuwa Mrundi wa makamo, mwembamba, suti ya kijivu kiangazi na masika, na tai nyekundu ndefu iliyompita mshipi wa suruali. Akizungumza Kiswahili alikinyunyizia Kifaransa kidogo, kama mtu anayetia chumvi kwenye chungu cha jirani.

"Bon," alisema, akisogea, akamwita bwana kwa Kiganda. "Ssebo, samahani. Nimekusikia ukisema na yule muuza kebabu. Ati wewe ulikuwa bingwa wa pool?"

Ssemakula alijifuta mdomo. Alikuwa Mganda mnene wa Fisksätra, mwenye kampuni ya kuhamisha watu vyombo, na alikuwa hajaulizwa swali hilo siku nyingi.

"Kabalagala!" alisema. "Uliza mtu yeyote wa Kabalagala. Waliniita Mashine. Mimi nikishika fimbo, watu walikuwa wanalipa bia zao wanakwenda nyumbani."

"Aa. Lakini hiyo ni ile ya meza ndogo. Ya baa."

"Meza ni meza."

"Ni kweli, ni kweli," Révérien alikubali haraka, kwa unyonge uliomkaa vizuri sana. "Mimi mwenyewe mchezo wangu ni wa kizee tu. Kumi na nne na moja. Siku hizi hakuna hata wa kucheza naye. Nakaa kwenye kibanda changu, nalima lengalenga, ule mchicha wa kwetu, basi."

"Kibanda gani?"

Na hapo, jamani, ndoano ilikuwa imeshaingia kooni.

Kwa wasiojua: ukingoni mwa mji huu kuna vyama vya bustani. Chama hukukodisha kiwanja kidogo chenye kibanda cha mbao, unapanda maua na viazi, unakunywa kahawa mlangoni, unajiona una shamba. Ni kitu kidogo kuliko maegesho ya lori, lakini Wastokholmu wako tayari kumsahau ndugu kwa ajili yake. Foleni ya kukipata ni miaka kumi na kitu. Révérien alisubiri miaka kumi na mitatu akapata chake, kibanda cha manjano chenye madirisha meupe, na kukaa pale na kumwagilia lengalenga na intore zake, zile nyanya chungu za Burundi, ndicho kitu pekee duniani alichokipenda bila hila. Alikipenda kweli. Kuna jioni za Juni alizokaa mlangoni akalia kidogo kwa raha, peke yake, na hakumwambia mtu.

Na kitu hicho hicho ndicho alichokitumia kama chambo. Alikuwa amekiweka rehani mezani mara tisa. Mara tisa! Na hakuwahi kuogopa hata mara moja, kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuwahi kushindwa. Ya pili alikuwa akiilalia kama mtu anavyolalia pochi: kanuni za chama zinasema kiwanja hakihamishwi kwa kupeana. Mwenyewe akikiachia, kinakwenda kwa aliye wa kwanza kwenye foleni. Kwa hiyo hata siku akishindwa, mshindi angekwenda chamani na hati ya Révérien yenye mihuri mitatu, angepewa kahawa na kuambiwa ajiandikishe nyuma ya watu mia mbili.

"Thamani yake?" aliuliza Ssemakula, akijifanya anatazama njiwa.

"Sijui mambo ya thamani, ssebo. Labda kama gari kama hili."

Walikubaliana Jumamosi, saa nane mchana.

* * *

Ukumbi ulikuwa chini ya ardhi, umbali wa kutembea kutoka stesheni, chini ya duka la viatu. Meza saba mpya za bluu mbele, na moja kuukuu ya kijani pembeni, ambayo juu yake kulikuwa na waya uliovutwa toka ukuta hadi ukuta. Kwenye waya huo zilitungwa shanga mia moja za mbao, hamsini za mchezaji huyu na hamsini za yule, kila ya tano nyeusi. Vijana waliokuja kucheza meza za mbele walidhani ni mapambo. Wengine walitundika makoti.

"Hizi," alisema Révérien, akizigusa kwa ncha ya fimbo kama padri anayegusa kitu cha madhabahuni, "ndizo hesabu za mabwana. Zamani hapakuwa na kompyuta. Ukitia mpira shimoni, shanga moja inavuka. Atakayevusha hamsini kwanza, ameshinda."

"Hamsini tu? Nitamaliza kabla kahawa haijapoa."

"Inshallah," alisema Révérien, ambaye alibatizwa.

Alihitaji mtu wa kushika shanga. Mtu wa tatu, asiye na upande, na bora zaidi asiyejua kitu. Akaangaza macho. Pale karibu na choo alikuwapo mwanamke wa makamo, kilemba cha kitenge, anapiga deki. Révérien alikuwa amewahi kumwona mahali fulani, kwa namna unavyoweza kusema umewahi kuona ndoo.

"Mama! Mama, karibu. Wewe ni wa wapi?"

"Bujumbura. Ngagara," alisema yule mama, akikung'uta mikono. "Naitwa Épiphanie, lakini huku Alby ninakokaa wananiita Mama Elvire."

"Voilà! Wa nyumbani kabisa! Mama Elvire, tusaidie. Kazi yenyewe ni kusogeza shanga tu, mtoto mdogo anaweza. Sisi wanaume tutacheza, wewe utahesabu."

Mama Elvire alimtazama, akatazama tai, akatazama waya.

"Mnachezea nini?"

Wakamwambia. Akavuta kiti, akakaa.

"Mimi sitaki kelele za baadaye," alisema. "Watu wa kwetu wakishindwa wanasahau walichosema. Andikeni."

Akatoa mfukoni mwa aproni daftari la shule lenye picha ya farasi, la binti yake, na kalamu. Révérien alikaribia kucheka. Karatasi ndiyo ilikuwa nchi yake. Akaamuru kanuni kwa sauti ya hakimu na Mama Elvire akaandika polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.

Kila mpira utajwe kabla ya kupigwa, na shimo lake litajwe. Usiotajwa ukiingia, haukuingia. Kosa moja, shanga moja inarudi. Mipira kumi na minne ikishatoka, ule wa kumi na tano unabaki pale pale ulipo, kumi na minne inapangwa tena, mchezo unaendelea. Ndiyo maana ya kumi na nne na moja. Hayo yote yalikuwa kweli, na mabwana wa zamani wangeyatia sahihi.

"Na atakayefanya kosa katika zamu zake tatu zinazofuatana," alisema Révérien kwa upole sana, "anarudisha kumi na tano zaidi. Papo hapo."

"Kumi na tano?" Ssemakula alishtuka.

"Desturi, ssebo. Huwa haitokei."

"Na aliyekosa mara mbili," aliuliza Mama Elvire bila kuinua kichwa, "haonywi kwanza?"

Swali hilo Révérien hakulitarajia. Maana ni kweli, ndivyo ilivyo tangu zamani: aliyekosa mara mbili lazima aambiwe waziwazi kabla hajapiga ya tatu, la sivyo adhabu haipo. Ni desturi ya kiungwana, na yeye alikuwa amepanga kuizika kimya kimya.

"Nani amekuambia habari za kuonywa?"

"Nauliza tu. Kanisani huwa wanaonya."

"Hapa si kanisani, Mama. Andika hivi: mshika shanga hasemi. Shanga ndizo zinazosema. Kila bwana ajue dhambi zake."

Mama Elvire akaandika, akamgeuzia daftari. Révérien akatia sahihi, ndefu, yenye mkia. Ssemakula naye akatia.

Kisha vikaja vya kuweka rehani. Ssemakula akatoa karatasi ya njano ya gari, ile unayosaini kumpa mwingine umiliki. Révérien akatoa hati yake ya mihuri mitatu. Mama Elvire akavaa miwani, akaisoma hati mstari kwa mstari kwa Kiswidi.

"Hii ni risiti ya maji," alisema.

"Ina mihuri."

"Ya maji. Yeye ameweka gari lenyewe. Wewe andika barua kwa chama kwamba unakiachia kiwanja na kibanda, bila kudai chochote. Weka tarehe ya leo. Nitaishika mimi, na ukishinda utaichana mwenyewe."

Haya. Hapa ndipo mtu mwenye akili angevaa koti lake. Révérien aliliona hilo. Barua hiyo haikuwa mchezo, barua hiyo ilikuwa mlango wake wa manjano na madirisha yake meupe. Lakini Ssemakula alikuwa anamtazama, na gari liko pale juu limeegeshwa, na fimbo ya Ssemakula ilikuwa imeshikwa kama jembe. Isitoshe, kuogopa mbele ya mpiga deki!

"Barua hiyo, akishinda yeye, itakuwa na faida gani kwake?" Révérien alimnong'oneza Mama Elvire, akijiona mwerevu kupindukia. "Kiwanja kitakwenda kwa bibi mmoja huko kwenye foleni. Wanasubiri miaka kumi na miwili, wapumbavu wale, wanatazama geti tu."

"Najua," alisema Mama Elvire.

Révérien akaandika, akasaini. Mama Elvire akakunja karatasi zote mbili, akazitia mfukoni mwa aproni, akafunga kifungo.

* * *

Mchezo ulianza vibaya kwa Mashine wa Kabalagala.

Alivunja kwa nguvu zote, mipira ikatawanyika, mitatu ikaingia, akanyanyua mikono juu.

"Umeitaja?" aliuliza Révérien.

"Nitaje nini? Imeingia!"

"Usiotajwa ukiingia, haukuingia. Na mweupe wa kupigia nao umeingia, ssebo. Pole. Kosa."

Mipira mitatu ikarudishwa mezani. Zamu iliyofuata Ssemakula aliogopa, akaugusa mpira mweupe kama anayegusa jipu, na hakuna mpira hata mmoja uliofika ukingoni, kama kanuni inavyotaka. Kosa la pili. Hakuna aliyesema neno. Ya tatu akapiga kwa hasira na mweupe ukajitosa shimoni wenyewe.

"Tatu," alisema Révérien kwa huzuni kubwa. "Ee Mungu wangu. Tatu mfululizo. Hiyo ni kumi na tano juu ya zile tatu. Mama, andika: anadaiwa kumi na nane. Mwenye deni hasogezi shanga mpaka alipe."

"Banange!" Ssemakula alishika kichwa. "Sijaanza kucheza na nina deni la mipira kumi na minane? Mchezo gani huu?"

"Wa mabwana."

Sasa, ukweli unisimamie. Mkono wa Révérien ulikuwa wa kawaida tu. Kilichokuwa cha dhahabu ni mdomo. Ssemakula, alipoacha kubishana na kuanza kutaja mipira yake, alikuwa anapiga vizuri. Alilipa deni lake mpira baada ya mpira, jasho linamtoka, na ndipo shanga zake zikaanza kuvuka. Mzunguko baada ya mzunguko, kumi na minne ilitoka, ikapangwa, ikatoka, na mara kadhaa ni yeye aliyetia mingi zaidi.

Lakini Révérien alikuwa na kahawa.

"Mama Elvire, koo limenikauka. Hakuna kahawa hapo juu?"

Mama Elvire akapanda ngazi. Alipogeuza kisogo tu, Révérien, akipita chini ya waya, akainua fimbo kana kwamba ananyoosha mgongo, na shanga moja ikavuka bila mpira. Ssemakula alikuwa amepiga goti, anapima mstari. Mzunguko wa nne, kahawa nyingine, sasa na maziwa. Shanga nyingine. Mzunguko wa sita aliomba sukari.

Kila aliporudi, Mama Elvire aliutazama waya, akaandika kitu kidogo kwenye daftari la farasi, akakaa. Révérien alimwona akiandika, akadhani anachora.

Mzunguko wa saba ulipokwisha, waya ulisema hivi: Révérien arobaini na nane, Ssemakula thelathini na tano. Zimebaki mbili. Mbili tu! Révérien alikuwa tayari anafikiria nani wa kumuuzia gari, na kama afute yale maandishi ya bluu mwenyewe.

Mipira kumi na minne ikapangwa upya, imebanana kwenye pembetatu yake, na ule wa kumi na tano ukabaki peke yake katikati ya meza, wa manjano. Zamu ilikuwa ya Révérien, lakini mweupe ulikaa vibaya, umejificha karibu na ukingo. Kujaribu kutia ni kumfungulia Ssemakula meza nzima. Akaamua kujilinda. Akainama mbali juu ya meza, akapiga polepole, mweupe ukagusa ukuta wa mipira, ukarudi ukajibanza. Kazi safi. Akatabasamu, akamtazama Ssemakula usoni aone maumivu.

Kitu ambacho hakukitazama ni tai yake. Alipoinama ilining'inia, na ncha yake nyekundu ikaupapasa ule mpira wa manjano, ukayumba nusu ya kucha, ukatulia.

Mama Elvire akainua kijiti chake cha kusogezea, akarudisha shanga moja. Tik. Arobaini na saba.

Révérien alisikia ile tik. Akainua macho. Amegundua, aliwaza. Amehesabu, ameona kuna moja imezidi, ameirudisha kwa heshima bila kuniaibisha. Je, aulize? Aulize nini? "Mama, mbona umenirudishia shanga niliyoiba?" Akajifanya anapaka fimbo chaki. Moja si kitu, zimebaki tatu.

Ssemakula naye akajilinda. Alikuwa ameanza kuuelewa mchezo, tena kwa haraka ya kutisha. Akaugonga mweupe ukaenda ukajificha nyuma kabisa.

Bon, aliwaza Révérien. Kwa wakati kama huu mabwana wana dawa. Unaugusa mweupe kidogo tu, kwa makusudi, unakubali kosa, unapoteza shanga moja, na unamwachia mwenzako tabu ile ile. Unaweza kufanya hivyo mara mbili kwa usalama. Mara ya tatu ndiyo kifo, lakini kabla ya ya tatu kila mara kuna mtu wa kukuonya. Miaka yote katika kumbi zote kulikuwa na mtu wa kuonya, na yeye alikuwa amezoea onyo lile kama mtu alivyozoea kengele ya mlango wake. Akaugusa. Tik. Arobaini na sita.

Ssemakula akajilinda tena, safari hii kwa ufundi uliomuudhi Révérien.

Mara ya pili, basi. Akaugusa tena kwa madaha, akanyoosha tai yake, akarudi nyuma akisubiri.

Tik. Arobaini na tano.

Kisha Mama Elvire akaweka kijiti chini, akasimama, akashika shanga kwa mkono mzima, akazihesabu kwa midomo, nyeusi moja, nyeusi mbili, nyeusi tatu, na kuzivuta zote kumi na tano kurudi. Zilipita kwenye waya kwa mlio wa mvua ya mawe. Thelathini.

"Mama!" Révérien alipiga kelele mpaka vijana wa meza za mbele wakageuka. "Una wazimu? Nimefanya makosa mawili!"

Mama Elvire akafungua ukurasa wa kanuni. Akamwonyesha daftari, kidole kwenye mstari: mshika shanga hasemi.

"Sema! Nakuruhusu useme!"

"Sasa nitasema. La kwanza ni tai. Ulipoinama iligusa mpira wa manjano. Nguo ikigusa mpira ni kosa, hata wewe unajua. Ndiyo maana nilirudisha shanga. Na wewe uliniona nikirudisha, ukaniangalia, ukanyamaza. Kwa nini ulinyamaza, kaka yangu?"

Révérien alifungua mdomo. Ule mdomo wa dhahabu, mabibi na mabwana, uliofungua milango ya nusu ya Stockholm, ulibaki wazi bila kutoa kitu.

"Ssemakula," alisema hatimaye kwa sauti ndogo, "wewe uliona tai ikigusa?"

"Niliona," alisema Ssemakula. "Nikadhani ni mtindo wa mabwana."

"Halikutangazwa! Kosa lisilotangazwa si kosa! Aliyekosa mara mbili huonywa, hiyo ni desturi ya miaka mia!"

"Ni kweli ni desturi," alisema Mama Elvire. "Mimi nilikuuliza. Ukasema kila bwana ajue dhambi zake. Sahihi yako hii hapa, yenye mkia."

Akafungua ukurasa mwingine. Pale palikuwa na mistari saba, mzunguko kwa mzunguko.

"Na kama hupendi hesabu ya waya, tuchukue ya daftari. Kila mzunguko mezani hutoka mipira kumi na minne, wala haijawahi kutoka kumi na mitano. Huu wa pili, wa nne na wa sita, shanga zenu na deni lililolipwa mkizijumlisha ni kumi na tano. Ile mizunguko mitatu niliyokwenda kuleta kahawa. Kwa daftari una ishirini na saba. Unataka ipi, ya waya au ya daftari?"

Révérien aliutazama uso ule kwa mara ya kwanza, uso, si ndoo.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Mpiga deki. Asubuhi, na Jumamosi mchana, miaka kumi na mmoja hapa hapa. Jumanne wanakuja wazee wa Kiswidi wa pensheni, wanacheza mchezo huu mpaka saa sita. Macho yao yamechoka, hawazioni shanga. Nani unafikiri anawashikia?"

"Ya waya," alisema Révérien.

Mipira yote kumi na mitano ikapangwa upya, na kwa desturi, mwenye makosa matatu ndiye avunje. Révérien alivunja kwa hasira, jambo ambalo bwana hafanyi, na mipira ikaenea meza nzima kama mahindi yaliyomwagika. Ssemakula alivuta pumzi.

"Namba tisa, pembeni kulia," alitaja, kwa sauti ya mtu anayesoma zaburi. Ikaingia. "Namba mbili, katikati." Ikaingia. Alitia kumi na mmoja, akakosa wa kumi na mbili kwa unywele. Arobaini na sita. Révérien akainuka, akatia mitatu. Ikapangwa tena kumi na minne. Akajaribu ule wa mwisho uliobaki, akaukosa, na mweupe ukaenda kuuvunja ukuta mzima wa mipira kwa ajili ya mwenzake.

Minne ilitosha. Ssemakula aliitaja yote minne, na alipoutia wa mwisho alimkumbatia Mama Elvire, akaikumbatia na meza.

* * *

Révérien hakulia pale. Alikuwa na heshima ya kazi. Alipanda ngazi akiwaza kwamba bado ana kile kitu chake cha pili: kanuni ya chama. Ssemakula hatapata kibanda. Na barua? Barua iko na mama mmoja wa kwao, ataisahau kwenye aproni, ataifua.

Jumatatu simu ililia. Mwenyekiti wa chama, kwa Kiswidi kitamu, alimshukuru kwa miaka yake yote na kumwomba alete ufunguo.

Alikaa siku nne kitandani Jakobsberg, ametazama ukuta. Iliuma. Hebu niseme wazi, kwa kuwa yeye hatasema: iliuma kuliko alivyowahi kumuumiza mtu, na alikuwa amewaumiza tisa. Siku ya tano akavaa suti na tai, akaenda kukabidhi.

Getini aliliona gari jeupe, SSEMAKULA FLYTT, na Ssemakula anashusha kabati, meza ndogo na viti viwili.

"Na wewe umekuja kudai?" aliuliza Révérien.

"Nilidai Jumatatu!" Ssemakula aliweka kabati chini kwa hasira. "Nikapewa kahawa. Wakaniambia jiandikishe. Mimi ni wa mia mbili na kumi na mbili! Nimeshinda, na nabeba makabati bure, ati shukrani, ati bila huyu mama lile gari lingekuwa lako. Na ni kweli, hilo ndilo linaloniudhi."

Mama Elvire alikuwa mlangoni, mlango wa manjano, kilemba kipya, kikombe mkononi.

"Karibu, kaka Révérien. Ingia, bado unajua njia."

"Wewe," alisema Révérien. "Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kwenye foleni."

"Tangu Machi. Miaka kumi na miwili, nikitazama geti tu." Alimrudishia Révérien neno lake mwenyewe bila kupandisha sauti. "Mimi sikukufuata. Nilikuwa na deki yangu. Wewe ndiye uliyeniita."

Akampokea ufunguo. Kisha akachukua karatasi mezani akamkabidhi: "Na mimi si mtu mbaya. Nimekuandikisha. Wewe ni wa mia mbili na kumi na tatu, nyuma ya Ssemakula."

Révérien alitazama namba. Akatazama mistari ya lengalenga, ya kijani, majani yamejaa, na intore ndani ya kile kibanda cha vioo alichokijenga mwenyewe. Mama Elvire alikuwa ameshika bomba la maji, anaanza kuligeuza kwa nguvu upande wa kulia.

"Hapana, hapana!" Révérien aliruka. "Si hivyo! Kushoto kwanza, kidogo, usubiri likohoe, ndiyo ugeuze. Ukililazimisha linapasuka, na kiwanja cha jirani kinafurika. Na intore usizimwagilie mchana, zinaungua. Na pale pembeni usichimbe, kuna mizizi ya ua waridi, inaonekana imekufa lakini haijafa, mimi nilidhani imekufa miaka miwili."

Mama Elvire akaliachia bomba. Ssemakula naye akaacha kubeba.

"Ni kweli hayo?" aliuliza Mama Elvire.

"Ni kweli."

"Yote?"

"Naapa, Mama Elvire. Naapa kwa Mungu."

Mama Elvire akaenda ndani, akarudi na daftari la farasi, akalifungua ukurasa mpya, akaliweka juu ya meza ndogo na kalamu kando yake.

"Andika," alisema. "Tia sahihi."

Révérien alikaa. Kabla hajainama, aliishika tai yake nyekundu kwa mkono wa kushoto, akaisokota, akaitia ndani ya shati. Kisha akaandika, akianza na bomba.